Kuisimulia upya Jane Eyre kama chombezo: kitanda kinakaa sura gani?

Dada mmoja wa Morogoro ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Naandika simulizi za mapenzi za wakubwa na kuzitoa kwa sehemu kwenye simu. Nimeipenda mno riwaya ya Jane Eyre ya Charlotte Brontë, nataka kuisimulia upya kama chombezo, ibaki kulekule Uingereza na enzi ileile. Nimefika sehemu ya nane: usiku kitanda cha Rochester kinapoungua, nimewaingiza yeye na Jane mapenzini. Wasomaji wawili niliowapa waonje wanasema baada ya hapo hadithi imepoa. Inawezekanaje ipoe palepale nilipoipasha moto? Na lugha nitumie ipi isiwe matusi? Kisheria je, naruhusiwa?"

Marahaba, dada yangu. Nimeisoma sehemu yako ya nane mara mbili. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu hilo swali la "kwa nini imepoa" ndilo lenye kazi yote ndani yake.

Naanza na kitanda chenyewe. Umeandika kwamba Jane, mwalimu wa nyumbani kwa tajiri Rochester, alinyanyuliwa "akalazwa taratibu juu ya shuka laini". Shuka lipi? Muda mfupi tu kabla ya hapo mapazia ya kitanda kile yalikuwa yanawaka. Jane ameinua beseni na jagi lililojaa, amemwagia kitanda na mwenye kitanda kwa pamoja, amekimbia chumbani kwake kuleta jagi lake mwenyewe, akamwaga tena. Rochester anaamka gizani akifoka, anauliza kama kuna mafuriko. Godoro linachuruzika, chumba kimejaa moshi, na mwanamume huyo ameponea chupuchupu. Hapo hapalaliki, na msomaji wako alilihisi hilo hata kama hakujua kulisema.

Sasa tazama Brontë alichokifanya ndani ya chumba hichohicho. Jane anaaga arudi kwake. Rochester anashangaa: unaondoka hivyohivyo, na umeniokoa na kifo kibaya? Angalau tushikane mikono. Jane anampa mkono. Rochester anaupokea kwa mkono mmoja, kisha kwa yote miwili. Anataka kusema kitu, maneno yanaishia midomoni. Jane anaaga tena, mkono bado umeshikwa. Anasema anasikia baridi. Rochester anagutuka: baridi, ndiyo, tena umesimama kwenye maji, nenda, Jane, nenda! Na mkono hauachii. Mpaka Jane anaposema anadhani amemsikia Bibi Fairfax, msimamizi wa nyumba, akijongea, ndipo vidole vinalegea. Jane anarudi kitandani kwake na usingizi hauji hadi kunapambazuka.

Busu halipo hapo. Vipo vidole, maji ya baridi miguuni, na sentensi moja inayosema nenda huku mkono ukisema kaa. Nimewasomesha vijana ukurasa huo miaka mingi, na kila mara darasa linanyamaza.

Kuna jambo jingine ambalo wewe, kama mwandishi wa sehemu kwa sehemu, utalithamini kuliko mhadhiri yeyote. Jane Eyre ilipotoka Oktoba 1847, kwa jina la kubuni la Currer Bell, ilikuwa juzuu tatu. Riwaya mpya ya juzuu tatu iliuzwa shilingi 31 na peni 6, karibu mshahara wa wiki tatu wa mwalimu wa nyumbani anayelipwa kama Jane, kwa hiyo watu wengi waliazima juzuu mojamoja kwenye maktaba za kulipia. Juzuu ya kwanza inaishia usiku huo wa moto, Jane akigeukageuka kitandani peke yake. Ya pili inaishia siku ya harusi iliyovunjikia kanisani. Brontë alijua pa kuandika ITAENDELEA. Wewe umemlipa msomaji deni lote kwenye sehemu ya nane, halafu unamwomba aendelee kukudai kwa sehemu nyingine thelathini.

Usidhani pia kwamba wasomaji wa enzi ya Malkia Victoria walikiona kitabu hiki kama uji wa mgonjwa. Desemba 1848 Elizabeth Rigby aliandika katika jarida la Quarterly Review kwamba ni kazi inayopingana na Ukristo, na kwamba kama imeandikwa na mwanamke, basi ni mwanamke ambaye kwa sababu nzito alikwishapoteza haki ya kukaa na wanawake wenzake. Joto walilisikia. Kwa hiyo huna haja ya kuleta kuni kutoka nje. Kazi yako ni kujua moto uko wapi humo ndani na unakula nini.

Unakula usawa. Huyu ni binti yatima, hana sura ya kusifiwa, analipwa pauni 30 kwa mwaka, na amesimama mbele ya tajiri mwenye jumba la Thornfield akimwambia kwamba roho yake inaongea na roho ya huyo bwana kana kwamba wote wawili wamepita kaburini na wamesimama miguuni pa Mungu, sawasawa. Hilo analisema bustanini usiku wa kiangazi, kabla hajaposwa, akiamini kwamba Rochester anamwoa mwingine. Ndiyo kauli inayomfanya mwanamume yule asalimu amri. Ukiandika Jane anayebebwa, kutupwa na kushindwa, umebaki na tajiri na mfanyakazi wa ndani, na hadithi za namna hiyo tunazo za kutosha, nyingine za kuhuzunisha kwa sababu ni za kweli.

Sasa fikiria sura ya 27. Harusi imevunjika, imejulikana kwamba Rochester ana mke hai, Bertha Mason, amefungiwa ghorofa ya tatu ya nyumba hiyohiyo. Anambembeleza Jane waende kusini mwa Ufaransa, kwenye nyumba nyeupe kando ya bahari, waishi kama mume na mke; nani atajua, nani utakayemuumiza, huna hata ndugu. Jane anampenda hadi anaumwa. Anajibu kwamba anajijali mwenyewe; kadiri anavyokuwa mpweke, asiye na rafiki wala wa kumshika mkono, ndivyo atakavyojiheshimu zaidi. Kabla hakujakucha anatoroka na shilingi 20 mfukoni, na kifurushi chake anakisahau kwenye gari la farasi.

Kuondoka huko ndio mgongo wa riwaya. Kila unachokiandika kabla ya hapo kinajenga uzito wa mlango ule anaoufungua alfajiri. Jane wako wa sehemu ya nane tayari amelala na Rochester, akaamka, akaendelea kumfundisha mwanafunzi wake Adèle hesabu bila lolote kubadilika moyoni wala mwilini. Atakapokataa nyumba nyeupe ya Ufaransa, msomaji atauliza: anakataa nini sasa? Baridi waliyoisikia wasomaji wako imetoka hapo, sehemu nyingi kabla hujaifikia sura yenyewe.

Basi uyaweke wapi mapenzi? Mimi ningemfuata Brontë hadi mwisho na kuyaweka baada ya Ferndean, nyumba ya msituni anakoishi Rochester baada ya Thornfield kuungua, na nitakueleza kwa nini. Lakini wasomaji wa chombezo hawasubiri sehemu arobaini, hilo nalijua, nimehariri riwaya pendwa muda mrefu. Kama lazima liwepo tukio la kati, liweke usiku wa kuposana, sura ya 23. Kuna harufu ya sigara ya Rochester kwenye majani, kuna nondo mkubwa anayetua karibu na mguu wake, kisha radi, mvua, wanakimbilia ndani wamelowa, saa inagonga kumi na mbili ya usiku wa manane, na Rochester anambusu tena na tena barazani bila kumwona Bibi Fairfax aliyesimama pale amepauka. Brontë amekuletea kila kitu mlangoni. Ukiuvuka mlango huo, lakini, lipa gharama yake: sura ya 27 uiandike upya yote, Jane akiondoka huku mwili wake unajua hasa unachokiacha. Inaweza ikauma kuliko ya kwanza. Haiwezi kubaki ileile.

Na usiupite mwezi wa uchumba. Waandishi wengi wanauruka, na mimi naona ndio tajiri kuliko sura zote kwa kazi yako. Rochester anampeleka Jane mjini Millcote anunuliwe hariri. Jane anakataa kuvishwa kama mdoli. Anamwambia ataendelea kumfundisha Adèle na kujilipia nguo zake kwa pauni zake 30. Kila jioni Rochester anataka kumsogeza, naye Jane anamchokoza kwa maneno mpaka bwana huyo anasaga meno, kisha Jane anamuaga kwa adabu na kwenda zake. Hiyo ni michezo ya mapenzi ya watu wazima, dada yangu, na anayeshika usukani ni Jane. Unaweza kuandika sehemu sita pale bila kitufe kimoja kufunguliwa, na simu za watu zikakesha.

Wasomaji wako watakuuliza swali ambalo Mwingereza wa 1847 hakuuliza: mbona asimwoe Jane mke wa pili? Sisi ukewenza tunaujua, uwe mzuri au mbaya, na sheria ya ndoa ya Tanzania ya 1971 inautambua. Ukipuuza swali hilo, ukuta wa kisa unaanguka. Kwa Uingereza ya wakati ule ndoa ya pili mke akiwa hai ilikuwa kosa la jinai, na kabla ya sheria ya 1857 talaka ya kumwezesha mtu kuoa tena ilihitaji Bunge lipitishe sheria kwa ajili ya ndoa hiyo moja. Wazimu wa mke haukukubaliwa kuwa sababu ya talaka hadi 1937. Hayo yaseme kwa mdomo wa mwanasheria kanisani, kwa sentensi mbili, yatosha.

Lakini sababu ya Jane mwenyewe ni ya ndani zaidi, na hiyo usiipoteze. Rochester amemsimulia wanawake aliowaweka kinyumba huko Ulaya: Céline, Giacinta, Clara. Anawazungumzia kwa kuchoka. Anasema kumlipa mwanamke akae nawe ni jambo linalokaribiana na kununua mtumwa. Jane anasikiliza kimya na anaona mbele: nikiwa wa nne, siku moja atanizungumzia mimi kwa sauti hiyohiyo. Hata kama sheria ingeruhusu wake watano, sauti ile ingebaki.

Kuhusu Bertha sina subira na waandishi wanaomtumia kama mnyama wa kutishia watoto. Alitoka Spanish Town, Jamaica, binti wa mfanyabiashara, na aliozwa na mahari ya upande wa mke ya pauni 30,000. Baba yake Rochester alitaka ardhi yote imwendee kaka mkubwa, kwa hiyo mdogo alitafutiwa mke mwenye fedha. Kwa sheria ya wakati ule, fedha za mwanamke anayeolewa ziliingia mikononi mwa mume, isipokuwa zilizofungwa kwa mkataba. Linganisha hesabu: pauni 30,000 za Bertha ni mishahara ya Jane ya miaka 1,000. Kisiwa chenyewe kilikuwa cha mashamba ya miwa na watumwa. Sheria ya kukomesha utumwa ilipitishwa 1833. Sisi wa pwani hii, tulio na Bagamoyo na Zanzibar yetu, hatuwezi kuusoma mlango ule wa darini kama wengine. Mpe Bertha sehemu yake, hata moja. Mpe jina lake kabla hajapewa kicheko. Mapenzi ya Jane na Rochester hayatapungua kwa hilo. Yatakuwa na kitu cha kujibu.

Sasa lugha, na hapa nakuomba usome polepole.

Kiswahili kina mtego ambao Kiingereza hakina. Kwetu mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Vitenzi vya kitandani, hasa vya vijiweni, vimepangwa vilevile: mmoja anatenda, mwingine anatendwa. Nimehesabu kwenye aya yako moja ya sehemu ya nane. Jane alishikwa, akanyanyuliwa, akalazwa, akavuliwa, akabusiwa. Vitenzi vitano, vyote vya kutendwa. Hukukusudia, najua, lugha ilikubeba. Lakini kwa aya hiyo umemtoa Jane kwenye hadithi yake bila kumwua.

Dawa iko ndani ya lugha hiyohiyo. Tuna kauli ya kutendana: kushikana, kukumbatiana, kutazamana, kutafutana gizani, kupeana, kuzoeana. Iandike aya ile upya kwa vitenzi vya -ana, kisha kila baada ya sentensi mbili au tatu mpe Jane kitenzi chake mwenyewe cha kutenda: alifungua, alisogea, alisema bado, alisema sasa. Jaribu uone jinsi aya inavyopumua. Na kutaka kwa Jane kuwe wazi, kwa neno lililotamkwa, kwa sababu ndivyo alivyo tangu utotoni; huyu si mtu wa kunyamaza aeleweke kwa macho.

Halafu kuna neno bwana. Katika Kiingereza Jane anamwita Rochester kwa heshima ya mwajiri karibu kila sentensi. Kiswahili kimekupa zawadi: bwana ni mwajiri, na bwana ni mume, na bwana ni mpenzi pia. Lichunge neno hilo kama dhahabu. Sehemu za mwanzo liwe "Bwana Rochester", la kazini, kavu. Usiku wa moto liponyoke mara moja bila jina, "bwana", na Jane mwenyewe alisikie. Wakati wa uchumba alikwepe kwa makusudi. Lirudi Ferndean likiwa "bwana wangu", na msomaji wako ataelewa umbali uliotembewa bila wewe kueleza chochote.

Kuhusu matusi: epuka maneno ya mtaani, na epuka vilevile maneno ya kliniki, maana sentensi ikinuka dawa mapenzi yanakimbia. Usifikiri Kiswahili hakina adabu ya kulisema jambo hili. Mwana Kupona aliutunga utendi wake mwaka 1858, miaka 11 tu baada ya Jane Eyre, akimuusia bintiye kuhusu manukato, mapambo, na namna ya kumwegemea mume aliyelala, kumpapasa na kumpepea. Mama yule alikuwa mgonjwa, na aliyataja bila haya na bila tusi. Hiyo ndiyo sauti ya kuitafuta. Ila usichukue vyombo vyake. Umemnukisha Rochester udi na kumvisha Jane kikuba cha asumini; havimo Thornfield. Tumia vya kwao: makaa yanayofifia mekoni, nta ya mshumaa, sufu iliyolowa, theluji dirishani, manyoya ya mbwa Pilot kwenye zulia. Jane mwenyewe anafikiri kwa moto na barafu kitabu kizima. Mfuate humo.

Umri nao urekebishe. Katika riwaya Jane anafika Thornfield akiwa na miaka 18, na Rochester amemzidi karibu miaka 20. Kwa hadithi ya wakubwa mwongezee Jane miaka mitano au sita. Ni rahisi: pale Lowood, shule aliyosomea, alifundisha miwili, wewe mfanye afundishe saba au minane. Sura za utoto zibaki, kwa ufupi, bila chembe ya chombezo ndani yake.

Sheria nitaipita haraka. Brontë alifariki tarehe 31 Machi 1855. Hakimiliki ya riwaya imekwisha zamani na huhitaji kibali cha mtu. Mtaje tu kama mwandishi wa asili. Filamu na tafsiri za karibuni zina wenyewe, usichote mazungumzo yao. Hatari kwako iko kwingine: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 inakataza kusambaza ponografia kwa kompyuta na simu. Usiweke picha, andika wazi kwamba ni ya watu wazima, na kabla ya kuanza kuuza muone wakili umwonyeshe sehemu zilizo kali zaidi.

Imebaki sentensi moja, ile maarufu ya mwanzo wa sura ya 38. Jane anamgeukia msomaji na kusema kwamba alimwoa Rochester. Kwa Kiingereza kitenzi ni kimoja kwa wote. Kwetu utaandikaje? "Niliolewa naye" ni sahihi na inamrudisha Jane kwenye foleni. "Tulioana" ni salama, na inaendana na hayo ya -ana niliyokuhubiria. Lakini fikiria hali yao: Jane amerithi pauni 20,000 kwa ami yake wa Madeira, akazigawa na binamu zake watatu, akabaki na 5,000 zake. Rochester ni kipofu, mkono wa kushoto hana, Thornfield ni majivu. Jane ndiye aliyesafiri, ndiye aliyegonga mlango. Mtaani mwanamke akisemwa amemwoa mwanamume ni kejeli kwa huyo mwanamume. Mimi ningeandika "Msomaji, nilimwoa", nikaiacha kejeli ife yenyewe mbele ya watu wawili wanaopendana.

Kwa hiyo sehemu ya nane ifute, na uanzie hapa. Ferndean, jioni ya mvua. Rochester ameomba maji. Jane anaichukua sinia mikononi mwa mtumishi, anaingia. Mikono inamtetemeka, maji yanamwagika, Pilot anamrukia kwa furaha. Rochester anahisi kuna kitu, anapapasa hewani. Jane anaukamata mkono ule unaotangatanga. Rochester anavitambua vidole kwanza, vile vyembamba alivyovishika usiku ule wa moto akashindwa kuviachia. Kisha mkono, bega, shingo, kiuno. Brontë ameyaandika hayo yote mwenyewe mwaka 1847. Weka sinia mezani, zima mshumaa mmoja, na uendelee kutoka hapo kwa vidole. Ukimaliza niletee.